Siku niliyoingia sauna na baba mkwe

Mke wangu, ambaye ni Mfini, alinipa habari tukiwa bado njiani, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya: "Jioni baba atawasha sauna. Mtaingia wawili." Nikauliza inavaliwa nguo gani. Alicheka hadi machozi.

Nilikolelewa mimi, Tanga, mkwe ni mtu wa kukwepwa kwa heshima. Ukimwona mbele unapunguza sauti, unajiangalia vifungo vya shati. Leo naitwa nikakae naye uchi wa mnyama, katika sauna, yaani chumba cha kujifukiza kwa joto kali, ambacho ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, kwenye kibanda chao cha mapumziko kando ya ziwa Näsijärvi, kaskazini ya mji wa Tampere, Ufini. Shemeji yangu, akipasua kuni, ndiye aliyenifunda. Ufini ina watu milioni 5.5 hivi, na sauna zinakadiriwa kufika milioni 3, kwa hiyo nisidhani ni anasa ya hotelini. Bibi zao walijifungulia humo, na maiti waliandaliwa humo humo, maana ndicho kilikuwa chumba safi chenye maji ya moto karibu. Hapo moyo ukatulia kidogo. Mahali wanapozaliwa watu na kuoshwa maiti si mahali pa uhuni. Wao wenyewe husema saunani mtu hukaa kama kanisani.

Mafunzo nikayasikia, lakini woga una masikio yake. Niliingia na kaptura ya kuogelea.

Mzee alikuwa ameshaoga, kwani hakuna anayeingia bila kuoga kwanza, na amekaa ngazi ya juu kabisa juu ya kitaulo kidogo. Akaitazama kaptura yangu, asiseme neno, akanisogezea kitaulo kingine. Nikaelewa. Kile kitaulo si cha kujistiri, ni cha kukalia, ili jasho lako lisibaki kwenye mbao za watu. Kaptura nayo ilishaanza kuning'ang'ania mapajani kama gundi, nikaivua huku nimeikazia macho tanuri. Baadaye niliambiwa kwamba kwenye mabwawa ya kuogelea ya umma nguo hizo huwa zimekatazwa kabisa saunani. Na ukienda Rajaportti, sauna ya umma iliyopo Tampere tangu 1906, wanaume wana upande wao na wanawake wao. Mambo ya kuchanganyika kiholela niliyokuwa nayawaza yalikuwa ya kwangu mwenyewe.

Kosa la pili lilikuwa kiburi. Nilipanda ngazi ya juu, nikakaa bega kwa bega na mzee. Mimi mtoto wa Tanga, joto litanifanya nini? Kipimajoto kilisoma 85. Mzee akashika kata ya mbao, akaniuliza neno moja: "Löyly?" Nikadhani ananijulia hali. Nikaitikia kwa kichwa.

Löyly ni ule mvuke unaopanda maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto. Mwenye adabu huuliza wenzake kabla ya kumwaga, na mimi ndio nilikuwa nimeulizwa. Mawe yakalia shaa! Sekunde mbili kimya, kisha mvuke ukashuka kutoka darini, ukaniuma masikio, ukaingia puani. Cheni ya fedha niliyosahau shingoni ikawa kama imetoka jikoni kwa sonara. Nilishuka ngazi ya chini bila kuaga. Nikangoja kuchekwa. Mzee alisogeza tu miguu nipite. Huko kushuka si aibu, kutoka nje si aibu, na hakuna anayehesabu dakika zako.

Chini pale, joto likiwa la kistaarabu, ndipo nilipoinusa harufu. Mzee alikuwa ameloweka vihta, fungu la matawi mabichi ya mti wenye gome jeupe uitwao koivu, akawa anajipiga nalo mabegani taratibu. Nikamkumbuka mama na nyungu yake, mchaichai na mwarobaini, blanketi juu ya kichwa. Mwaka 2020, sisi Tanzania tulipokuwa tunajifukiza nchi nzima kwa ajili ya korona, ndio mwaka ambao UNESCO iliiingiza sauna ya Kifini katika orodha ya urithi wa utamaduni. Nikatamani kumweleza mzee, Kifini changu kikagoma. Akanipa vihta, nikajipiga. Inawasha kidogo, halafu ngozi inashukuru.

Tulitoka, tukatembea hadi gatini, yeye akajitosa ziwani, mimi nikaingia kwa ngazi nikiomba Mungu. Tulirudi ndani mara tatu. Humo katikati maneno yetu hayakufika ishirini, na kwa mara ya kwanza kimya chake hakikunitisha. Mwishoni tulikaa barazani na mataulo yetu, mataulo ya kujifunga safari hii, tukanywa maji mengi. Yeye akala soseji na haradali, mimi akanichomea samaki bila kuulizwa.

Usiku nikampigia mama. Nikamsimulia yote, tanuri, matawi, ziwa. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na taulo mlikuwa nalo?"

"La kukalia, mama."

Kimya kirefu. Kisha: "Baba yako mkubwa usimwambie."