Kile Kilichokaa Kitandani

Ukikaa Cardiff, Doctor Who huna pa kuikimbilia. Tangu BBC ilipoifufua tamthilia hiyo mwaka 2005 imekuwa ikitengenezwa kule Wales, na miaka niliyokuwepo mimi studio zake zilikuwa Roath Lock, upande wa bandari ya zamani. Unatoka zako kazini alfajiri, macho mazito, unakuta njia imezibwa na malori ya taa, na polisi anayekuelekeza upite kando hujui kama ni polisi kweli au mwigizaji. Chumba nilipanga kwa bibi mmoja Mwales, mwalimu mstaafu, mimi nikimwita Bi Mkubwa. Siku niliyohamia hakuanza na habari za kodi. Alianza kwa kunieleza kuwa Jumamosi usiku, msimu ukiwa hewani, rimoti ni yake na simu zote zinazimwa.

Alikuwa na haki ya kutamba. Novemba 1963, tamthilia ilipoanza, alikuwa mtoto wa skuli, na mwezi uliofuata walipokuja Dalek, yale madude ya chuma yenye sauti ya kukwaruza, aliwaangalia akiwa amejibanza nyuma ya kochi. Waingereza na Wawales wa rika lake karibu wote hudai waliangalia kutoka nyuma ya kochi. Sijui sebule za zama hizo zilipangwaje.

Jumamosi ninayoisimulia ni ya tarehe 13 Septemba 2014, saa moja na nusu usiku. Tulikuwa wanne: Bi Mkubwa, mjukuu wake wa miaka tisa, ambaye hakosi wikiendi, mpangaji mwenzangu, kijana wa Manchester aliyekuwa akisoma fizikia na anayeijua Doctor Who kwa sehemu na tarehe, na mimi, mtu wa Unguja, ambaye kazi yangu ilikuwa zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee na siku hiyo nilikuwa na mapumziko.

Kwa asiyeijua: Daktari ni mtu wa sayari nyingine anayesafiri katika nyakati ndani ya kibanda cha bluu cha polisi, TARDIS, ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje. Akikaribia kufa hubadilika mwili na sura, na hiyo ndiyo hila iliyowawezesha kubadilisha waigizaji kwa nusu karne. Mwezi wa Agosti alikuwa ndiyo kwanza ameingia Peter Capaldi, mtu mzima mwenye nyusi kali na maneno makali zaidi. Mjukuu alikuwa bado anamlilia Matt Smith, Daktari aliyemtangulia. Alikuwa akimwangalia huyu mpya kwa jicho la mtoto aliyeletewa baba wa kambo.

Sehemu ya usiku huo, ya nne katika msimu wa nane, iliitwa "Listen" na iliandikwa na Steven Moffat. Inaanza na swali: kwa nini mtu akiwa peke yake husema kwa sauti? Daktari anasema labda moyoni tunajua hatuko peke yetu. Dunia ina viumbe hodari wa kuwinda na hodari wa kujilinda. Je, yule aliye hodari wa kujificha utamjuaje? Akimaliza kusema, chaki haipo pale alipoiacha, na ubaoni limeandikwa neno moja, "Listen", yaani sikiliza. Kijana wa fizikia akachekea puani. Bi Mkubwa akamtupia jicho.

Halafu ikaja habari ya ndoto. Daktari anaamini watu wote wa zama zote wameota ndoto moja: unaamka usiku, unahisi kuna mtu chumbani, unashusha miguu chini, na mkono unatoka uvunguni unakushika kifundo cha mguu. Anamchukua rafiki yake Clara, mwalimu wa Kiingereza, waende kwenye utoto wa Clara wakaone. Lakini akili ya Clara iko kwa Danny Pink, mwalimu wa hesabu ambaye wametoka kula naye chakula cha jioni kikaishia kwa maneno, na TARDIS inawatua kwenye utoto wa Danny badala yake, nyumba ya kulelea watoto mjini Gloucester. Mtoto hataki kulala, anaogopa uvungu. Clara, kumtoa hofu, anaingia uvunguni pamoja naye. Wamelala pale chini, wanazungumza, mtoto keshaanza kutulia, na godoro juu yao likabonyea.

Mtu kakaa.

Mjukuu alipandisha miguu yote miwili juu ya kochi bila kusema neno. Bi Mkubwa alikuwa na kikombe cha chai hewani. Hakukirudisha mezani wala hakunywa. Clara na mtoto wanatoka uvunguni, na kitandani kuna umbo limekaa wima, limejifunika shuka gubigubi. Daktari anatokea na kuwaamrisha wote wakipe mgongo na waahidi kuwa hawatakiangalia. Wakiwa wameangalia dirishani, nyuma yao shuka linavuliwa. Kwa nukta chache, pale ambapo kamera haioni sawasawa, kuna kitu kama kichwa. Kisha kimeondoka, na shuka kimeondoka nalo.

Mengine nayapitia mbio: mgahawani tena kwa Danny, halafu mwisho kabisa wa ulimwengu, ambako wanamkuta Orson Pink, msafiri wa nyakati kutoka miaka mia mbele, anayeonekana kuwa wa ukoo wa Danny. Kuna mlango wenye maandishi ya kukataza usifunguliwe, na kitu kinagonga kutoka nje, au pengine ni bati tu linapoa. Daktari anaumia. Clara anaiendesha TARDIS bila kujua iendako na kutua kwenye banda ambamo mtoto analia kitandani. Watu wazima wakaingia, Clara akajificha uvunguni. Mtoto akaamka, akashusha miguu, na Clara, bila ya kufikiri, akamshika kifundo. Mtoto huyo ni Daktari mwenyewe. Basi mkono wa ndoto ni wa Clara. Anamlaza tena na kumwambia kuwa kuogopa si kubaya, kwamba hofu si lazima ikufanye mkatili au mwoga, inaweza kukufanya mwema, na kwamba hofu hutufanya sote wenza.

Majina yakaanza kupanda kwenye skrini, na patashika ikaanza hapo hapo.

Kijana wa fizikia alikuwa amesimama. Wala hakujali kama kulikuwa na zimwi au hakukuwa; lililomchoma ni lile banda. Daktari, alisema, hatakiwi kuwa na utoto tunaoujua. Tamthilia imeishi miaka hamsini kwa kutomjua ni nani, na leo mwandishi mmoja kamtia Clara hadi uvunguni mwake, kila ushujaa wake sasa unatokana na maneno ya mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

Bi Mkubwa yeye alikuwa amefurahi mpaka macho yanameta. Kumbe yale maneno ya Clara kuwa hofu hutufanya sote wenza, Daktari wa kwanza kabisa, William Hartnell, aliyasema katika hadithi ya kwanza mwaka 1963. Yeye aliyatambua kabla Clara hajayamaliza. Na kuhusu kile cha kwenye shuka hakuwa na shaka hata chembe: ni mtoto mwingine wa pale anafanya utani. "Nimefundisha madarasa ya chini maisha yangu yote," alisema. "Mtoto aliyejifunika shuka namjua anavyokaa."

Mjukuu hakutaka banda wala Hartnell. Alitaka kuambiwa kilikuwa nini. Bibi yake akimwambia mtoto, yeye anauliza mbona Daktari aliogopa. Kijana akimwambia huenda ni kiumbe, anauliza mbona hakumdhuru mtu. Halafu akanigeukia mimi, pengine kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza muda wote, akaniuliza kama kwetu kuna vitu kama hivyo.

Nikamwambia viko, na kimoja nilikijua. Ramadhani ya mwaka 1995 Popobawa alianzia Pemba, akavuka bahari akaja Unguja. Nikampunguzia. Nilimwambia tu ni kitu kinachowaendea watu usiku vyumbani, kwamba ukiwa umejiwa na usiwatangazie wenzio kitarudi, na kwamba dawa iliyoaminiwa na wengi ilikuwa kutolala ndani. Mtaa mzima tulitandika mikeka nje. Moto umekokwa, ubani unafuka, wazee wanasoma Kurani kwa zamu, na daku tukilila pamoja majirani ambao siku nyingine hata chumvi hawaombani. Kwa sisi watoto ilikuwa raha tupu. Nani aliwahi kuruhusiwa kukaa barabarani hadi saa nane za usiku?

"Mlikiona?" akauliza.

Nikamwambia hakuna aliyekiona.

Akafikiri. "Sasa mlijuaje wakati wa kurudi ndani?"

Sikuwahi kuulizwa hilo na mtu mzima. Nikamwambia ukweli kama ninavyoukumbuka mimi: Ramadhani ilikwisha, watu walichoka kulala kwenye mawe, halafu ikaja mvua ya masika. Jibu hilo lilimridhisha kuliko yote aliyopewa usiku ule. Alipopelekwa kulala, bibi yake aliliburuta godoro akaliweka sakafuni, uvungu ukawa haupo, na mzozo wa upande huo ukaisha.

Waliobaki sebuleni niliwaambia nililomficha mtoto. Kwamba usiku ule wa mikeka na ubani ulikuwa na upande mwingine, ambao sisi watoto tuliusikia kwa wakubwa wakinong'ona. Mtu mmoja mjini, mgonjwa wa akili aliyetoka bara kuja kutafuta tiba, alidhaniwa ndiye, akapigwa mpaka akafa. Waliompiga hawakuwa watu wabaya kuliko wengine. Walikuwa wamekesha siku nyingi, nao wanaogopa.

Kwa hiyo Clara aliposema hofu inaweza kukufanya mwema, mimi nilikaa nikitafuta kama nakubali. Moja ya mambo mawili niliyoyaona mwaka ule lilimpa haki, la pili likamkanusha vibaya sana. Kijana wa fizikia, ambaye alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu majina yapande, akasema basi Moffat kaandika uongo mtamu. Bi Mkubwa akamkatiza kwa ile sauti yake ya darasani: Clara hakusema itakufanya, alisema inaweza, na mtoto mwenye hofu huambiwi umhesabie yote mawili saa nne ya usiku. Hapo mimi naye hatukubaliani mpaka leo. Naona mtoto aliyelala kwenye banda lile alikuwa na haki ya kuambiwa na lile la pili, hasa kwa kuwa alikuja kuwa nani.

Kesho yake nilimpigia simu dada yangu Unguja, nikamhadithia sehemu yote, shuka na uvungu na kugeuka. Alinisikiliza vizuri hadi pale walipokipa mgongo.

"Wamekipa mgongo?"

"Daktari kawaambia."

"Daktari gani huyo, mdogo wangu, asiyejua hata kusoma Ayatul Kursi?" Kisha akaniambia nisiangalie mambo hayo nikiwa nalala peke yangu nchi za watu, na akaniuliza kama nakula.

Wiki nzima ile nilikuwa nakutana na "Listen" kila pembe. Muuguzi mmoja wa zamu yetu alisema ni bora kuliko zote alizowahi kuona. Mwenzake akasema ameshindwa kulala na tena hajui alichoogopa, na hilo ndilo lililomuudhi. Dereva wa basi aliyekuwa akizungumza na abiria alisema saa nzima ya zimwi bila zimwi ni kama kuuziwa kuku asiye na nyama. Mwaka uliofuata ilipoteuliwa kuwania tuzo ya Hugo, ya hadithi za kubuni za kisayansi, kijana wa fizikia alisema wapiga kura nao wameambiwa wageuke wasiangalie. Haikushinda, naye hakuficha furaha yake.

Lakini lililomkera hasa lilikuja kabla ya hapo. Jumamosi ya tarehe 1 Novemba tulikuwa wanne tena sebuleni, na dakika za mwanzo tu Danny Pink akagongwa na gari, akafa. Kijana aliruka kutoka kitini. "Orson!" alipiga kelele. "Na Orson je?" Maana kama Danny kafa bila mtoto, yule mjukuu wake wa miaka mia mbele katoka wapi? Alingojea hadi msimu ulipokwisha wiki iliyofuata, wala hakuelezwa.

Bi Mkubwa alikuwa na jibu lake, ambalo nasikia mashabiki wengi walikuwa nalo: Clara huenda alikuwa na mimba.

"Hawakutuonesha," akasema kijana.

"Hata yule wa kwenye shuka hawakutuonesha," akasema mjukuu, mdomo umejaa biskuti, "na wewe mwenyewe ulisema yupo."