Nauli ni Kurudi

Saa kumi alfajiri Soko la Kilombero huwa limeshaamka kitambo. Makuli walikuwa wanakatiza na magunia mgongoni, "pisha, pisha!", mimi nimesimama pembeni ya Fuso nahesabu ya kwangu: 14, vitunguu vya Mang'ola. Mengine yote yalikuwa ya watu wanne nisiowajua, maharage na karoti, kila mmoja na alama yake ya rangi. Ndivyo sisi wadogo tunavyosafirisha. Hakuna mwenye mzigo wa kujaza gari peke yake, basi dalali anatukusanya mmoja mmoja mpaka lijae. Lisipojaa, tunalala.

Siku zote huwa natuma mzigo na kubaki Arusha nikisumbua watu kwa simu. Safari hii nilitaka kuona mwenyewe ile nauli ya elfu tano kwa kila gunia inakwenda wapi, maana kutoka Arusha hadi soko la Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, ni kama kilomita 120 tu. Nikamwamkia dereva, nikamwomba nafasi mbele.

"Marahaba. Panda, mwanangu. Ila tingo wangu hawezi kulala juu ya mzigo kwa ajili yako. Mtabanana."

Tukabanana. Tengeru, Usa River, Kikatiti, giza bado. Tulipokaribia njia panda ya KIA mlima ukajitoa kidogo, ukajifunika tena kama mtu aliyechungulia dirishani akaona wageni si wake. Hapo ndipo nilipomuuliza kuhusu nauli. Mzee hakunijibu kwa habari za Taveta. Alinijibu kwa Kigali, kwani kabla ya hili Fuso aliendesha semi miaka tisa, Dar kwenda Rwanda.

"Chukua huu mkoa wa Kilimanjaro, uweke mara mbili, umepata Rwanda nzima," alisema. "Bahari hawana, reli hawana. Ngano, mafuta ya kula, vigae, vyote vinapanda kwa barabara karibu kilomita 1,500 kutoka bandarini. Haya, nimefika, nimeshusha. Narudi na nini?"

Nikasema kahawa.

"Kahawa ipo, chai ipo, madini yapo. Lakini hesabu malori yanayoingia, halafu hesabu mzigo unaotoka. Wengi tunashuka tupu. Sasa dizeli ya kushuka tupu nani analipa? Mwenye duka wa Kigali. Ameshailipa wakati mzigo wake unapanda, ila hajui. Nauli ni kurudi, mwanangu."

Tulikuwa tumeshapita Kwasadala, na niseme kweli, nilisahau vitunguu vyangu kabisa. Alinieleza jinsi wafanyabiashara wadogo wa kule wanavyochangia kontena: kila mmoja katoni zake, wakala wao Dar anazitunza ghalani mpaka kontena litimie. Mbona ndiyo yale yale ya Kilombero, nikawaza, tofauti ni bahari tu. Kisha kodi. Tangu nchi za Afrika Mashariki zianze Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, ushuru unalipwa kabla mzigo haujatoka Dar, kwa hiyo lori halikai tena yadi likisubiri mtu atafute hela. Na pale Masaka, pembeni ya Kigali, kuna maghala makubwa yaliyofunguliwa 2019. Unashusha, unageuza. Kwa mwenye lori, kugeuza haraka ni hela.

Wajanja kuliko wote, kwa maneno yake, ni wauza kahawa. Wanavizia kontena zinazoshuka tupu, wanampa dereva au tajiri wake bei ya chini, na tajiri anakubali kwa sababu mbadala wake ni kubeba upepo.

Kuna na la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, ambalo halihusu nauli ila siwezi kuliacha. Tanzania tunapita kushoto, Rwanda wanapita kulia, na ukivuka daraja inabidi uhamie upande wa pili. "Siku ya kwanza niliona basi linanijia usoni. Nikamtukana yule dereva mpaka kwa mama yake. Kumbe mkosaji ni mimi."

Moshi tulipita bila kusimama. Njiapanda ya Himo tukasimama, tena vizuri. Mizani. Lori la ekseli mbili kama letu linaruhusiwa tani 8 mbele na 10 nyuma, jumla 18. Jumla yetu ilikuwa salama, nyuma palizidi. Tingo alikuwa amenipakia mwisho, kwa hiyo magunia yangu yote 14 yalikalia mkia. Tukaambiwa tupange upya. Turubai likafunguliwa, vijana wa Himo wakaitwa, magunia yakahamishwa mbele, saa nzima ikayeyuka na hela ya vijana nikaitoa mimi. Sehemu moja ya elfu tano yangu ya kila siku nikawa nimeiona kwa macho.

Mpaka wa Holili ulikuwa mwepesi. Tangu kituo cha pamoja kianze kazi mwaka 2016, anayekwenda Kenya anamalizia mambo yote upande wa Taveta. Nilikuwa na cheti cha afya ya mimea, na kwa kuwa mzigo wangu haufiki dola 2,000 nikapewa kile cheti rahisi cha uasilia, cha kuonyesha mzigo umetoka Tanzania. Ilikuwa Jumatano, siku ya soko. Kabla ya adhuhuri nilishauza.

Mzee hakuwa na haraka ya kula. Alikaa chini ya mti, kofia magotini, anapiga simu kwa dalali mmoja baada ya mwingine. Nikamuaga, nikachukua bodaboda hadi Holili, halafu Hiace ya Moshi.

Saa mbili usiku ukaingia ujumbe: amepata matenga matupu ya nyanya, anayarudisha Tengeru, wamemlipa nusu ya dizeli. Nikampigia kumpongeza, nikamuuliza kama gari limejaa.

"Limejaa mpaka turubai halifungi," akasema. "Uzito wake sasa, hata kuku anaushinda."