Mbuzi na zile ndoo mbili

Leo asubuhi mbuzi wa jirani kaingia tena kwenye ndoo zangu za mchicha, nikamkimbiza na ndara mkononi huku nacheka peke yangu, watu wa ploti sasa wanajua nishapata wazimu.

Ni ile projekti bwana. Ile ya mbolea, pale nyuma kwa mama Likoni. Ndoo 28: saba samadi ya ng'ombe, saba ya mbuzi, saba ya kuku, saba mchanga mtupu. Siku mbili kabla ya kupima uzito wa mchicha, mbuzi akapita na ndoo mbili, moja ya kuku na moja, astaghfirullah, ya samadi yake mwenyewe. Nikaona ah, si nachukua wastani wa wenzake najazia, nani atajua. Anova, ile hesabu ya kuona kama makundi yametofautiana kweli au ni bahati tu, ikatoa F ya 3.2, jedwali lataka izidi 3.01, basi zimetofautiana. Nikanunua viazi karai vya watu wawili nikala mwenyewe.

Mwalimu nikakutana naye jioni kwenye feri, imejaa hadi pa kupumulia hakuna. Nikamkabidhi karatasi yangu kwa madaha. Akailaza juu ya gunia la nazi kwenye mkokoteni wa hamali mmoja, hamali akasogea tu wala hakuuliza. Kalamu ikashuka polepole, ikasimama kwenye 24, idadi ya namba huru (degrees of freedom), zile zinazobaki huru kubadilika ukishatoa wastani.

"Hii umeitoa wapi?"

Nikajibu mbio kama mtoto wa chuoni anayesoma alichohifadhi: ndoo 28, toa moja ya wastani wa jumla, 27. Makundi manne toa moja, 3. 27 toa 3, 24.

"Hesabu sawa. Ndoo ulizopima ni ngapi?"

Nikaangalia maji. Kuna meli ilikuwa yaingia Kilindini, nikaitazama kana kwamba namngoja mtu.

"Mwalimu, mbili zililiwa na mbuzi."

Hamali alicheka mpaka nazi zikatikisika. Mwalimu hakucheka. "Sasa mwanangu, hizo mbili hazikusema kitu, wewe ndio umezisemea. Namba huru ni ile ingeweza kukuaibisha." Akakata 24, akaandika 22, feri ikagusa ng'ambo, watu wakatusukuma, karatasi ikabaki na alama ya kiganja cha mtu.

Usiku nikarudia na ndoo 26 tu. F ikashuka 2.9, na kwa namba huru 3 na 22 jedwali sasa lataka 3.05. Basi. Nikaandika kwamba siwezi kudai mbolea zimetofautiana, nikapasi, ingawa hakuna aliyenipongeza.

Mama ndiye aliyeniuliza haya, samadi ipi bora? Nikamwambia data haijasema. Akanitazama kwa huruma. "Kwani wewe macho huna? Ya kuku."

Ndoo zangu za leo zote nimetia ya kuku. Sijapima hata moja, na sasa zimebaki tano.