Neno lililonifanya nilipe ada

Mwaka 2007, darasa la saba, Sayansi ndilo lilikuwa somo langu. Usanisinuru niliuelewa vizuri kabisa: jani, mwanga wa jua, maji, hewa, chakula. Januari 2008 nikaingia sekondari ya kata, na wiki ya pili mwalimu wa Baiolojia akaandika ubaoni "photosynthesis". Nikalinakili, nikalikariri herufi kwa herufi, nikaenda nalo hivyo hivyo hadi kwenye mtihani. Miezi ilipita ndipo nikagundua ni usanisinuru uleule! Nilikuwa nimeshajiona mjinga muda wote huo.

Basi majirani hapa Mbagala, Dar es Salaam, wakiniuliza kwa nini mimi, fundi cherehani, nimempeleka binti yangu inglishi midiamu wakati shule ya serikali iko jirani na haina ada, jibu langu ni hilo neno. Si maringo. Darasa la kwanza alisoma hapo hapo jirani, watoto zaidi ya mia darasani, na mwalimu wake namheshimu mpaka leo. Alisahihisha madaftari amesimama, maana kiti chake alikuwa amewaachia watoto wawili waliokosa dawati.

Ada ni shilingi 1,400,000 kwa mwaka, awamu nne, na basi ni pesa nyingine. Sare ninazoshona Desemba na Januari ndizo zinazolipa awamu ya kwanza. Ya tatu inatoka kwenye mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu tunaocheza akina mama wa mtaani. Ya nne huwa nakopa.

Sera ya Elimu ya 2014 ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Ilipozinduliwa Februari 2015 nilikuwa na mimba yake, nikafurahi mno. Sasa yuko darasa la tano na sekondari bado ni Kiingereza. Mtoto hasubiri sera. Siku sekondari ikifundishwa kweli kwa Kiswahili, namrudisha shule ya jirani, na hela ya ada nanunua mashine ya ovaloki.

Juzi usiku aliniletea daftari lenye mchoro wa jani. "Mama, hii kwa Kiswahili inaitwaje?" Nikamwambia. Akalirudia mara tatu, akalipenda, akaniomba nimwandikie pembeni ya mchoro. Nilipochukua kalamu ya wino akanizuia mkono. Alitaka penseli, ili asubuhi alifute kabla mwalimu hajaliona.