Riwaya saluni: ninavyomchagulia kila mteja kitabu chake

Rasta ndogo hula siku nzima. Mtu anakaa kwenye kiti asubuhi, anainuka jua likielekea ziwani, na muda wote huo mikono yake haina kazi. Mimi ni msusi, saluni yangu iko Mwanza, na kwa muda mrefu mikono ya wateja wangu ilikuwa ya simu mpaka bando likate. Bando likikata yanaanza masengenyo, na masengenyo ya saluni yana tabia ya kumfikia msengenywa kabla hujafunga rasta ya mwisho. Nikaweka rafu ya vitabu. Vya hadithi tu, maana vya ujasiriamali na vya kuombea ndoa wateja wanajiletea wenyewe.

Rafu peke yake haikumsomesha mtu. Mteja anakipapasa kitabu, anatazama jalada, anakirudisha. Mambo yalibadilika nilipoanza kumchagulia kila mmoja cha kwake. Wanaoniomba ushauri siku hizi huanza na umri: nina mtoto wa darasa la nne, nina binti wa kidato cha pili, mimi mwenyewe nina miaka arobaini, nisome nini? Umri nauweka pembeni. Naanza na malalamiko. Kila anayekaa kwenye kiti changu ana jambo linalomkera, na hulisema bila kuulizwa, kwa sababu hanioni usoni. Hapo ndipo nachagulia kitabu.

Kuna mama mmoja anauza dagaa pale mwaloni Kirumba. Alikuja siku moja akiwa amechoka na wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu. Jirani yake walikuwa wamembebea friji na godoro. Akasema, "Dada, wamebaki kuchukua watoto tu." Nikamwambia kuna kitabu ambamo mtoto anachukuliwa kweli. Hicho ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, na Ida Hadjivayanis akakitafsiri kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 2022. Kijana Yusuf anaondoka kwao na mfanyabiashara anayemwita Ami Aziz, akidhani anakwenda kutembea, kumbe baba yake ana deni na yeye ndiye rehani. Sikumwambia zaidi ya hapo. Hakunijibu kitu, akanyoosha mkono apewe. Kama ningemwambia kwamba ni riwaya iliyotafsiriwa, ya mshindi wa Nobeli, inayohusu pwani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, angeniambia atasoma siku nyingine.

Sifa za mwandishi nazisema mwisho, au sisemi kabisa. Tuzo hazimsukumi mtu asome. Deni linamsukuma.

Upande wa kina mama, kitabu kinachozunguka kuliko vyote saluni kwangu ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Sababu moja ni ya kijiografia: Rosa ni binti wa Namagondo, Ukerewe, na Nansio kwetu ni safari ya meli tu. Wateja wenye asili ya huko wanasoma huku wakirekebishana kuhusu njia na vijiji. Lakini kinachowashika hasa ni Zakaria, baba mlevi anayembana binti yake kwa fimbo, halafu binti akitoka nje ya uzio huo anapotea vibaya. Kitabu kilitoka mwaka 1971 na kiliwahi kuzuiwa shuleni. Yule mama wa dagaa alipofika pale Rosa anapopigwa kwa ajili ya barua ya mvulana, aliweka kitabu mapajani akasema, "Huyu Zakaria mimi namfahamu. Ana jina lingine tu."

Je, binti wa kidato cha pili nampa Rosa Mistika? Mimi simpi moja kwa moja. Nampa mama yake kwanza. Mama akimaliza, mara nyingi ndiye anayekiacha mezani nyumbani kwa makusudi na kujifanya amekisahau. Wapo wanaosema kitabu kina mambo mazito mno kwa wasichana. Nawauliza kama mabinti zao hawana simu. Hata hivyo uamuzi namwachia mzazi. Mimi kazi yangu ni nywele.

Aliyekipenda hicho namfuatishia Utengano cha Said Ahmed Mohamed, ambamo Bwana Maksuudi anamfungia Maimuna ndani ya nyumba, na ninyi wenyewe mtaona kufuli hilo linazaa nini. Kisha ndiyo Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Hiki sina haja ya kukipigia debe tangu Amil Shivji alipokitengenezea filamu mwaka 2021. Wateja wanakuja wakisema wameshaiona. Nawaambia filamu ni ya saa moja na ushee, Yasmin wa kitabuni utakaa naye wiki. Binti anaozwa kwa mzee asiyempenda, Unguja ya enzi za Waingereza, anatoroka, anakutana na Denge ambaye serikali inamwinda kwa siasa zake. Kwa anayefuatilia tamthilia za Kituruki ndicho kitabu cha kuanzia: kina mapenzi, kina polisi, kina kutoroka.

Sasa vijana. Hapa ndipo nilipohangaika zaidi, kwa sababu shule imewatangulia. Mpe binti wa kidato cha nne Takadini au Watoto wa Mama N'tilie, atakukunjia uso: "Aunti, hicho si cha mtihani?" Anaweza kukutajia dhamira, ujumbe na migogoro ya kitabu kizima bila kukisoma, kwa sababu alisoma kijitabu cha uchambuzi. Nilichofanya ni kuvivisha magazeti, kama tulivyokuwa tukivisha madaftari. Jalada halionekani. Halafu namwomba anisomee kwa sauti, kwa kuwa mikono yangu iko kichwani kwake na yake iko huru. Hilo ndilo jambo zuri la saluni: msomaji ni mteja, msusi anasikiliza, na wanaosubiri nao wanasikiliza bure.

Takadini kilichoandikwa na Ben Hanson kinaanza na Sekai, mama aliyesubiri mtoto miaka mingi, akajifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii ambayo mila yake inataka mtoto huyo auawe. Anamfunga mgongoni anakimbia usiku. Kisa ni cha Zimbabwe ya zamani, lakini sisi wa Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wamewahi kuuawa kwa ushirikina, hatuhitaji kuelezwa kwa nini saluni ilinyamaza. Binti aliyekuwa anasoma alifika mahali akaacha kusoma kwa sauti, akaendelea kimoyomoyo, na wenzake wakaanza kumpigia kelele. Alipofunua gazeti na kuona jina la kitabu alicheka mwenyewe. Alikuwa amekifanyia mtihani.

Kitabu kingine cha vijana nisichokosa ni Siku Njema cha Ken Walibora, Mkenya aliyefariki mwaka 2020. Kongowea anakulia Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu anafariki, naye anaondoka kumtafuta baba asiyemjua, anavuka mpaka hadi Kitale. Nampa kijana yeyote anayelelewa na bibi au mjomba, na hao ni wengi kuliko tunavyokubali. Huku kwetu hakijachoshwa na madarasa. Mteja wangu mmoja kutoka Migori, Kenya, alipokiona alishtuka: "Hicho sisi tulikichambua mpaka kikaisha!" Nikampa Watoto wa Mama N'tilie kikiwa kimevikwa gazeti, ambacho kwake ni kigeni, akaondoka nacho.

Wavulana hawasukwi kwangu, ila wanatumwa kuwafuata mama zao, na waume nao wanakuja kungoja. Hao nawawekea wapelelezi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona cha mwaka 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vijana wanadhani hadithi za risasi na warembo wenye siri zilianzia Marekani. Mume wa mteja mmoja, dereva wa lori, alikaa kwenye kiti cha plastiki nje mpaka mkewe akamaliza, akalipa, akaanza kuondoka, ndipo akakumbuka kwamba mumewe bado yuko pale anasoma. Vitabu hivi vingine si rahisi kuvipata vipya. Nanunua vilivyotumika, na vikija havina jalada wala kurasa mbili tatu za mwanzo, navichukua hivyo hivyo. Kisichokuwa na kurasa za mwisho sinunui.

Wanawake nawatafutia wapelelezi wenye utulivu zaidi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimwumba Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa mwaka 1960. Ila mimi naanza na Mke Mmoja Waume Watatu. Kwa jina hilo, unafikiri kuna mwanamke saluni atakayeniuliza kinahusu nini kabla hajakichukua?

Watoto wadogo waliniletea shida ya aina nyingine. Mama anasukwa, mtoto analia, anavuta waya wa draya. Vitabu vya kununua vinachanwa. Nilichogundua ni kwamba African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili na unaruhusu mtu kuzichapisha bila kulipia. Nazitoa kwenye simu, naenda steshenari, nazibana kwa pini. Zikichanwa nachapisha nyingine. Inayopendwa ni ya kuku na tai: kuku anaazima sindano ya tai, sindano inapotea, tai anachukua vifaranga. Kwenye saluni yenye sindano za kushonea wivingi hadithi hiyo imenisaidia kuliko onyo lolote. Sasa watoto wakiiona sindano chini wananiletea mbio, wamekunja uso kabisa.

Walio kati ya darasa la tatu na la sita nawasimulia Abunuwasi kwanza, nikiwa nasuka, kisha nawapa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Watu wazima wananishangaa. Wanasema Shaaban Robert ni mgumu, ni wa vyuo vikuu. Kiswahili chake ni cha zamani, sikatai, lakini mtoto hakisomi peke yake. Dada yake au mama anamsomea. Na mtoto ukimwambia kuna mtu mwema, mpole, ambaye kila usiku lazima awachape manyani wawili, huku akiwalilia, hakuachi mpaka ajue kwa nini. Manyani hao ni ndugu zake. Zaidi ya hapo hata ninyi siwaambii.

Shaaban Robert huyo huyo ana Kusadikika, cha mwaka 1951, nacho nampa mtu wa malalamiko ya serikali. Mzee mmoja mstaafu wa mahakama, anayekuja kumchukua mkewe, alikuwa na kawaida ya kutuhutubia kuhusu haki. Nikamwambia, "Shikamoo baba, kuna kijana anaitwa Karama ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria." Tangu siku hiyo anatuhutubia kuhusu Karama, na kwa kweli hotuba zimeboreka.

Vipo nisivyompa mtu asiyeniomba. Nagona cha Kezilahabi ni kimoja. Ni kifupi, chembamba, wateja wanakichagua kwa wembamba wake, nami nakirudisha rafuni taratibu. Ni kitabu cha mtu aliyekwisha zoea kupotea ndani ya riwaya. Aliyemaliza vingine vyote vya Kezilahabi akikiomba nampa bila neno.

Utaratibu wa kuazima ni mwepesi. Daftari lina jina, namba ya simu na kitabu. Mkono wenye mafuta ya nywele haushiki ukurasa, taulo liko pale. Anayetoboa mwisho wa hadithi mbele ya wengine ananunua soda za wote waliokuwepo. Alama ya ukurasa ni kipande cha rasta, kila msomaji na rangi yake, kwa hiyo nikifungua Utengano naona wekundu umefika wapi na kahawia umekwama wapi. Kahawia ikikaa sana mahali pamoja namuuliza mwenyewe, na kama kimemchosha namtafutia kingine. Simlazimishi mtu kumaliza.

Kwa wiki hii Peponi kiko Kirumba, na nyuma yake kuna watu wanne. Kuli cha Adam Shafi, kile cha wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, kiko kwa dereva wa lori na sijui atarudi lini kutoka Kahama. Anayekitaka kwa haraka achukue Kasri ya Mwinyi Fuad kwanza. Kipo rafu ya chini, kimevikwa gazeti la michezo.