Nilivyoshusha kipaumbele cha video, wateja wakaacha kusubiri

Steshenari yangu ipo Mwanga, Kigoma, na kompyuta ni moja tu, ya Windows. Hiyo hiyo inachapa barua za watu, hiyo hiyo inapunguza ukubwa wa video za harusi. Kazi ya video niliiandikia programu ndogo kwa lugha ya Python, inayoiita ffmpeg, programu ya kubadilisha video. Ikianza tu, mashine inakuwa nzito: kishale cha mausi kinarukaruka, na herufi unayobonyeza inatokea ukiwa umeshabonyeza nyingine tatu.

Siku moja mama mmoja aliniletea barua, akasimama kaunta akitazama saa ya simu. "Mwanangu, boti ya Kibirizi hainisubiri." Ilibidi niikatishe video iliyokwishakwenda saa nzima. Iliniuma sana.

Nikafikiri dawa ni video iishe haraka, basi nikaipa kipaumbele cha High, yaani cha juu. Hapo ndipo mausi iliganda kabisa. Windows hugawa zamu za prosesa, ubongo wa kompyuta, kwa ngazi kuanzia 0 hadi 31, na ngazi ya juu hutangulia. Programu ya kawaida huanzia 8, ya High huanzia 13. Na ffmpeg haipumziki, inataka prosesa nzima muda wote. Nilipoipandisha, Word yangu ya ngazi ya 8 ikabaki kuokota makombo.

Kumbe nilitakiwa kuishusha. Kufungua Task Manager, dirisha la Windows la kusimamia programu, kila video sikutaka, maana siku ya wateja wengi ningesahau, kwa hiyo agizo la kuishusha nikaliweka ndani ya programu yangu ya Python:

subprocess.Popen(amri, creationflags=subprocess.BELOW_NORMAL_PRIORITY_CLASS)

Ni mstari huo mmoja, unaokubali kuanzia Python 3.7, kwenye Windows tu. Sasa ffmpeg inaanzia ngazi ya 6. Nikichapa, inanipisha, nikiinua mikono kwenye kibodi, inachukua prosesa yote kama zamani. Wanaotumia Linux wana kipimo cha kipaumbele kiitwacho nice, kutoka -20 hadi 19, na huko namba kubwa ndiyo ya mpole.

Juzi nilichapa barua tatu mfululizo huku video ya harusi ya Ujiji ikiendelea kupunguzwa nyuma, na hakuna aliyeniuliza mbona nachelewa.

Kilichobaki ni diski. Ngazi hizi zinahusu prosesa, kwa hiyo kunakili faili kubwa kutoka kwenye flashi bado kunaitesa mashine. Hiyo naifanya jioni, mlango ukishafungwa.