Nilivyoacha kufuga sato kando ya Ziwa Rutamba

Nilipochimba bwawa langu la kwanza la samaki, katika bonde linaloteremsha maji yake hadi Ziwa Rutamba, mkoani Lindi, nilikuwa nimekwisha kuagiza vifaranga vya sato, kwa sababu kila mfugaji niliyemuuliza alimsifia kwa ukubwa na kwa wepesi wa kukua. Mvuvi mmoja mzee, ambaye namwita babu ingawa hatuna udugu wa damu, alikuja kulitazama bwawa akaniuliza, "Mjukuu wangu, masika ikilijaza hili, maji yatakwenda wapi?" Nilinyoosha kidole kuelekea ziwani.

Kesho yake alinipakia mtumbwini akanionyesha samaki wa wavu wake. Mkia wa sato una mistari myembamba iliyosimama, iliyopangika toka shinani hadi ukingoni, na perege wa asili hana mistari ya namna hiyo. Lakini alikuwapo pia samaki ambaye mistari yake ilikatikakatika, na babu akasema huyo hana jina. Watafiti waliopima vinasaba wamethibitisha kwamba sato aliyeletwa katika maziwa haya huzaliana na perege wa asili, hata machotara wakapatikana. Jambo hilo lilinihuzunisha sana nilipoelewa perege huyu ni nani. Wataalamu humwita Oreochromis korogwe, kwa jina la Korogwe ya Tanga, na huku kusini anajulikana katika maziwa machache tu ya Lindi, yakiwamo Rutamba, Nambawala na Mitupa, mamia ya kilometa kutoka kwa nduguze wa bonde la Pangani. Sato wako kwingi. Hata Ziwa Viktoria walipelekwa na watu.

Nilifuta oda. Kwa ruhusa ya uongozi wa kijiji tulivua perege wa kuanzia mbegu, nami nikamkagua kila mmoja kwa kuutandaza mkia wake juani, nikamtenga yeyote aliyekuwa na dalili ya mistari. Najua macho hayamtambui kila chotara, lakini ndicho kipimo nilichokuwa nacho. Majike tuliwashika kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa hutunza mayai na watoto mdomoni, na akishtuka huwatema wote. Baadaye niliinua tuta na kuweka wavu wa matundu madogo kwenye njia ya kutolea maji.

Perege wangu ni wadogo kuliko sato, hivyo nawauza kwa mafungu, na faida huja polepole. Masika iliyofuata maji yalipita juu ya tuta usiku, baadhi ya samaki wakaenda nayo. Asubuhi nilimkuta babu amesimama ukingoni. "Hao wamerudi kwao," akaniambia, kisha tukachukua majembe tukaanza kuliziba tuta.